Swali la Bibi wa Ukerewe

Katika hospitali ya Kanda ya Ziwa nilikofanya kazi ya maabara, haukupita muda mrefu bila kuletwa mtoto mwenye uvimbe wa taya. Umri wake mara nyingi ni kati ya miaka mitano na tisa. Shavu limejaa upande mmoja, meno yamelegea kwenye fizi, jicho limeanza kusukumwa nje. Nyumbani wamedhani ni jino, na wapo waliong'olewa mawili au matatu kabla mtu hajasema sasa twendeni hospitali. Uvimbe huu una mbio kuliko saratani nyingine zote ninazozijua. Seli zake huweza kuzaana na kuwa maradufu ndani ya siku moja au mbili. Kwa hiyo sampuli ya taya ilipoingia maabara, kazi nyingine ilisubiri.

Daktari huchoma sindano nyembamba kwenye uvimbe na kuvuta. Kinachotoka tunakipaka kwenye kioo, tunakiacha kikauke, tunakitia rangi ya Giemsa, kisha tunakiweka chini ya hadubini. Zinaonekana seli za mviringo zinazofanana kama mapacha, za bluu iliyokolea, zenye vitundu vyeupe vidogo vidogo. Ukizizoea huwezi kuzisahau. Hii ndiyo limfoma ya Burkitt.

Mtoto mmoja kati ya hao aliletwa na bibi yake kutoka Ukerewe, wamevuka ziwa kwa meli kutoka Nansio. Nilimwamkia, "Shikamoo bibi," akaitikia, "Marahaba mjukuu wangu," na kabla sijapita akanishika mkono. "Nyumbani wako watoto wengi," akasema. "Wanalala chumba kimoja, wanakula sahani moja, mbu wanaowauma ni walewale. Kwa nini huyu?" Mimi sikuwa daktari, lakini kwetu kila aliyevaa koti jeupe ni daktari, na bibi yule alitaka jibu kutoka kwa mtu aliyeutazama ugonjwa wenyewe kwa macho. Nikamwambia si laana, si kijicho cha jirani, na kwamba dawa ipo. Hayo yalikuwa kweli na yalitosha kwa siku ile. Ila swali lake ni miongoni mwa maswali bora niliyowahi kuulizwa kazini, kwa sababu ukilifuata hadi mwisho linakufikisha kwenye jambo kubwa: jinsi mwili unavyoitambua saratani, na jinsi saratani inavyojificha isitambuliwe.

Historia ya ugonjwa wenyewe ni ya kwetu, na inastahili kujulikana kwetu zaidi. Denis Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji kutoka Ireland, mtu mwenye jicho moja tu tangu utotoni, akifanya kazi Uganda. Mwaka 1957 aliitwa wodini Mulago kumtazama mtoto aliyevimba taya. Baada ya muda akamwona mwingine Jinja, akaanza kupekua kumbukumbu za wagonjwa na kuuliza katika hospitali nyingine. Mwaka 1958 akachapisha makala. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, wakapanda gari kuukuu la Ford na kuzunguka hospitali za Afrika Mashariki na Kusini kwa kilomita zipatazo 16,000, Tanganyika ikiwamo, wakiuliza kila mahali: mnamwona mtoto wa namna hii? Wakakuta ugonjwa unafuata joto na mvua na kuikwepa miinuko yenye baridi. Ramani yake ilifanana mno na ramani ya malaria.

Mwaka huohuo wa 1961 Burkitt alitoa mhadhara London, na miongoni mwa waliomsikiliza alikuwamo Anthony Epstein. Sampuli za uvimbe zikawa zinasafirishwa kwa ndege kutoka Kampala, na mwaka 1964 Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakaona ndani ya seli hizo kirusi kipya. Ni kirusi cha kwanza cha binadamu kuhusishwa na saratani, na kilionekana kwanza katika seli za mtoto wa Uganda. Leo kinaitwa kirusi cha Epstein-Barr.

Hapa ndipo swali la bibi linapozidi uzito, maana kirusi hicho tunacho karibu sote. Zaidi ya watu wazima tisini katika kila mia duniani wamekibeba. Watoto wa kwetu hukipata wakiwa wadogo sana, kwa mate, wengi hata bila mzazi kujua. Kinaingia katika seli za damu ziitwazo seli B na kukaa humo maisha yote. Kwa hiyo ndugu za mjukuu yule walikuwa nacho, bibi alikuwa nacho, na mimi ninayeandika ninacho. Kinachotulinda ni seli T.

Seli T huzaliwa ndani ya uboho wa mifupa na kupelekwa shuleni katika tezi ya thaimasi, iliyoko nyuma ya mfupa wa kifua. Kila moja hubeba juu yake kipokezi chake, na vipokezi hivyo huundwa kwa kuchanganya vipande vya jeni kwa bahati nasibu, ndiyo maana mwili mmoja unakuwa na mamilioni ya seli T zisizofanana. Zinazoshindwa kabisa kushikana na alama za mwili hufa. Zinazoshikana nazo kwa ukali mno, ambazo zingeweza kumshambulia mwenyewe, nazo huuawa. Katika kila mia zinazoanza, zinazotoka salama hazizidi tano. Niliposoma takwimu hiyo kwa mara ya kwanza nilikaa kimya muda mrefu. Mwili unakubali hasara kubwa kiasi hicho ili usije ukajidhuru wenyewe.

Seli T haina uwezo wa kuchungulia ndani ya seli nyingine. Inachokisoma ni kile ambacho seli inakitoa nje. Kila seli yenye kiini mwilini hukatakata baadhi ya protini zake kuwa vipande vifupi, vya asidi amino nane hadi kumi hivi, na kuvipandisha juu ya ngozi yake vikiwa vimeshikwa na molekuli ziitwazo HLA. Mwuza mchele sokoni hufanya jambo linalofanana na hilo anapoweka kiganja cha kila aina juu ya gunia, ili mnunuzi ajue kilichomo bila kulimwaga lote. Seli T hupita, ikagusa, ikapapasa. Ikikuta vipande vya protini za kawaida za mwili, inaondoka. Ikikuta kipande cha kirusi kinacholingana na kipokezi chake, inasimama.

Kwamba kipande na HLA lazima visomwe pamoja, tulijifunza kutoka kwa Peter Doherty na Rolf Zinkernagel, waliofanya kazi Canberra, Australia, miaka ya 1970. Walitumia panya walioambukizwa kirusi. Wakaona seli T za panya mmoja zinaua seli zilizoambukizwa za panya wa ukoo wake, lakini zile za ukoo mwingine, zenye kirusi kilekile, zinaziacha. Ilikuwa dalili kwamba seli T haitafuti kirusi peke yake. Inatafuta kirusi kilichoshikwa na mkono inaoufahamu. Wakapata tuzo ya Nobel mwaka 1996. Na uangalifu wa seli hizi unashangaza: seli moja ina maelfu kwa maelfu ya vipande juu yake, lakini katika majaribio ya maabara vipande visivyofika kumi vya adui vimetosha kuiamsha seli T. Ikishaamka hujibana kwenye seli ile, hutoboa utando wake kwa protini iitwayo perforini, na kuingiza vimeng'enya vinavyoilazimisha seli ijiue. Kisha huachana nayo na kwenda kwa nyingine.

Sasa mrudie mtoto wa taya. Seli zake zina kirusi ambacho seli T zimefundishwa kukijua. Mbona hazikamatwi? Kwa sababu zimepunguza kile zinachokionyesha. Kirusi cha Epstein-Barr kina protini nyingi, lakini ndani ya limfoma ya Burkitt karibu zote zimezimwa, imebaki hasa moja iitwayo EBNA1, na protini hiyo ina sehemu inayoizuia kukatwakatwa na kupandishwa juu kwa urahisi. Juu ya hayo, seli hizo hupunguza hata molekuli za HLA zenyewe. Seli T inapita, inapapasa, haikuti kitu cha kuisimamisha.

Halafu ipo malaria. Mtoto anayeugua malaria tena na tena, seli B zake huchochewa kuzaana bila kupumzika, na katika kuzaana huko vinasaba huweza kukatika na kuungwa mahali pasipo pake. Ndipo jeni iitwayo MYC, inayoihimiza seli kuzaana, inapowekwa kwenye mtambo usiozimika. Wakati huohuo seli T zinazopaswa kukizuia kirusi huchoka. Watafiti waliofanya kazi magharibi mwa Kenya, ng'ambo ya ziwa hilihili, walikuta watoto wenye limfoma ya Burkitt wamepungukiwa hasa na mwitikio wa seli T dhidi ya EBNA1, ile protini moja iliyobaki kuonekana. Kwingineko seli T zao zilikuwa zikifanya kazi. Walikosa jicho moja tu, na ndilo lililohitajika.

Hilo ndilo jibu nililokuwa nikilitafuta. Mtoto yule hakuwa dhaifu kuliko nduguze. Katika mwili wake yalikutana mambo matatu: kirusi, kosa moja la vinasaba, na seli T zilizokosa cha kutambua au zilizochoka kukitambua. Alianzishiwa sindano za saratani, na uvimbe ukanywea upesi kama unavyofanya ugonjwa huu unapowahiwa. Burkitt na wenzake waliona tangu miaka ya 1960 kwamba baadhi ya watoto walipona kwa dozi ndogo mno za dawa, na wakashuku kwamba mwili wenyewe ulikuwa ukimalizia kazi. Ninaamini walikuwa sahihi.

Baadaye kazi yangu ikahamia kwenye kuhesabu CD4. Serikali ilipoanza kutoa bure dawa za kupunguza makali ya VVU mwishoni mwa 2004, kila mgonjwa wa CTC, yaani kliniki ya tiba na matunzo ya VVU, alikuja na kichupa cha damu, na sisi tulitoa namba. CD4 ni aina ya seli T zinazoziongoza nyingine, na ndizo VVU inazoziharibu. Miaka hiyo ya mwanzo mtu alisubiri dawa mpaka namba ishuke chini ya 200. Tuliyaona yaliyotokea kwa waliokuwa wakisubiri. Wanaume wa kazi nzito, wavuvi, madereva wa malori, walikuja na madoa ya zambarau miguuni, kisha kaakaani, kisha miguu inavimba kama matende. Hiyo ni saratani ya Kaposi. Chanzo chake ni kirusi kingine, kilichogunduliwa mwaka 1994 na Yuan Chang na Patrick Moore, na ukanda wetu wa Afrika umekuwa nacho tangu kabla ya Ukimwi. Watu wengi walikibeba hadi uzeeni bila kuugua. Seli T zilipoondoka, kikajitokeza.

Kitu ambacho sitakiacha bila kukisimulia ni kuyaona madoa hayo yakififia. Kwa baadhi ya wagonjwa, hasa waliowahi, dawa za VVU peke yake zilitosha: namba ya CD4 inapanda mwezi kwa mwezi, na doa lililokuwa limetuna linalala, linakauka, linabaki kivuli. Hawakupewa dawa yoyote ya saratani. Seli T zilirudi kazini na kukitambua kile zilichokuwa zikikijua zamani. Hata waliopandikizwa figo, wanaokunywa dawa za kutuliza kinga, wameonekana wakipata Kaposi na kisha kupata nafuu dawa hizo zilipopunguzwa. Ushahidi ulio wazi kuliko huo siujui.

Katika kliniki tulizoea kuwaambia wagonjwa kwamba CD4 ni askari wa mwili. Ni mfano uliowasaidia wengi kumeza dawa kwa wakati, na siukejeli. Lakini ulizaa wazo kwamba kinga ni suala la wingi na nguvu tu, kwamba ukiongeza askari umemaliza. Wazo hilo limekuwa biashara. Kwenye stendi, kwenye mabasi, nje ya mageti ya hospitali, huuzwa unga na maji ya chupa "ya kuongeza kinga", na anayeuziwa ni mwenye saratani. Nimemfahamu mama aliyekuwa na saratani ya matiti iliyogundulika mapema, akauza mbuzi wake kununua unga wa namna hiyo, na aliporudi hospitali titi lilikuwa limepasuka. Nasema bila kuuma maneno: wanaofanya hivyo wanaua. Saratani ya yule mama haikupita kwa sababu askari walikuwa wachache. Ilipita kwa sababu seli zake zilikuwa seli za mwili wake mwenyewe, zenye mabadiliko machache tu katika protini, na seli T ambazo zingezishambulia kwa ukali zilishauawa thaimasi tangu utotoni kwa nia njema. Hakuna unga unaoweza kuifundisha seli T kusoma kipande ambacho hakikuonyeshwa.

Sayansi yenyewe imelithibitisha hilo kwa njia ya kushangaza. Mwaka 1991 kikundi cha Thierry Boon, Brussels, kilionyesha jeni ya kwanza ya saratani ya binadamu inayotoa kipande kinachotambuliwa na seli T, na hivyo kumaliza ubishi kama saratani isiyo na kirusi nayo inaweza kuonekana. Lakini seli T zilizoiona saratani mara nyingi zilikutwa zimesimama kandokando ya uvimbe bila kufanya kitu. James Allison huko Marekani na Tasuku Honjo huko Japani wakaeleza sababu: seli T ina breki, CTLA-4 na PD-1, na saratani hunufaika zinapokanyagwa. Dawa zinazoziachia breki hizo zimebadilisha tiba, na wawili hao walipewa Nobel mwaka 2018. Jimmy Carter, rais wa zamani wa Marekani, alitangaza mwaka 2015 kwamba saratani ya ngozi imemfika ubongoni. Akatibiwa kwa dawa mojawapo ya hizo pamoja na upasuaji na mionzi, na akaishi hadi 2024 akiwa na umri wa miaka 100.

Zingatia mambo mawili. Dawa hizo hufanya kazi zaidi kwenye saratani zenye mabadiliko mengi ya vinasaba, kama ya ngozi iliyoungua na jua au mapafu ya mvutaji sigara, kwa sababu ndizo zenye vipande vingi vigeni vya kuonyesha. Na breki zikiachiwa, baadhi ya wagonjwa hushambuliwa utumbo, ini au tezi ya shingo na seli T zao wenyewe. Huko ndiko kuongeza kinga kwa kweli, na hufanywa chini ya jicho la daktari, kwa gharama ambayo huko Marekani huzidi dola 100,000 kwa mwaka. Kwa mgonjwa wa kwetu wa kawaida dawa hizo bado ziko mbali, na ni haki tuzidai zisogee.

Ila tusikae tukizisubiri kana kwamba hatuna kitu mkononi. Saratani nyingi za kwetu hutokana na maambukizi: mlango wa kizazi kutokana na kirusi cha HPV, ini kutokana na homa ya ini aina ya B, Kaposi, Burkitt. Kirusi ni kitu kigeni. Seli T ina cha kukiona. Wanawake wengi wanaopata HPV hukiondoa wenyewe ndani ya miaka miwili bila kujua kwamba waliwahi kuwa nacho, na wanaoondoa ni seli T zao. Mwanamke anayeishi na VVU ana hatari ya saratani ya mlango wa kizazi takriban mara sita ya mwenzake, kwa sababu kazi hiyo ya kimya imevurugwa. Anayeanza dawa za VVU mapema anazilinda seli zinazomlinda.

Kwa hiyo nawaomba wazazi na walezi wa Kanda ya Ziwa na popote penye malaria: mtoto akivimba taya au tumbo na uvimbe ukakua siku hadi siku, msimpeleke kung'olewa jino wala kwa muuza unga. Mpelekeni hospitali kesho asubuhi, na mkiambiwa ni jino tu na uvimbe unaendelea, rudini na mdai uchunguzi wa sindano. Mtoto alale ndani ya chandarua. Msichana wa miaka 9 hadi 14 apate chanjo ya HPV. Kwetu Tanzania hutolewa bure. Mwanamke mtu mzima apimwe mlango wa kizazi. Na kila mmoja apime VVU na aanze dawa siku anayoambiwa anayo, bila kungoja namba yoyote ishuke.